Ukigusa Umecheza

Fundi saa alikuwa mtu mnene, shingo fupi, mwenye vidole vizito ambavyo mgeni angedhani viliumbwa kwa kubebea magunia. Lakini mpelekee saa iliyosimama umwone. Alikuwa akivaa lenzi yake jichoni, anashika kibano, ananyanyua skrubu ndogo kuliko punje ya mtama na kuiweka mahali pake mara ya kwanza. Habahatishi, harudii. Wateja waliokuja kubadilisha betri tu walikuwa wakichelewa kuondoka kwa sababu ya kuitazama ile mikono. Kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi za kupandia kwa daktari wa meno, kwa hiyo kutwa nzima alisikia watu wakipanda kwa kusitasita na kushuka mbiombio.

Tumeanza na mikono kwa sababu mikono ndiyo iliyomponza.

Kila Jumamosi alasiri alikuwa akifunga kibanda, anakata uchochoro nyuma ya duka la viatu na kuingia kwa kinyozi. Si kunyoa, maana upara wake ulikuwa umeshamaliza kazi hiyo zamani. Alikwenda kucheza sataranji. Kinyozi alikuwa na chumba cha nyuma chenye meza mbili, benchi refu, kioo kilichopasuka ambacho hakikufaa tena kuwaonyesha wateja, na harufu ya poda na spiriti isiyotoka hata ufungue dirisha. Wapenzi wa mchezo huo walikuwa wakikutana hapo tangu enzi za marehemu baba yake kinyozi. Juu ya mlango, kwa rangi nyekundu, marehemu alikuwa ameandika sheria moja tu: UKIGUSA UMECHEZA.

Maana yake ni rahisi. Ukigusa kete yako, unaichezesha hiyohiyo, hata kama umeshaona kwamba inakupeleka kaburini. Kama kete imekaa upande na unataka tu kuisogeza katikati ya nyumba yake, unasema kwanza, "Naweka sawa," ndipo unagusa. Ukigusa ndipo ukasema, umechelewa, na chumba kizima kitakucheka mpaka Jumamosi nyingine.

Polisi wa sheria hiyo alikuwa shemeji yake Fundi, kaka mkubwa wa mkewe, aliyestaafu kazi ya pampu za maji. Mezani walimwita Ngome. Ngome ni ile kete ya pembeni inayokwenda moja kwa moja, haijui kupinda wala kuruka, na shemeji mtu naye alikuwa hivyohivyo. Alikuwa mchezaji bora wa chumba kile, lakini zaidi ya hapo alikuwa mkali. Kinyozi aliwahi kumgusa malkia wake kwa mkono wa koti akiwa anamfukuza nzi, Ngome akainua kidole: "Umecheza." Kinyozi akamwambia huo ni mkono wa koti, si wa mtu. Ngome akamwuliza koti limevaliwa na nani. Kinyozi akapoteza malkia, akapoteza mchezo, na koti hakulivaa tena siku za Jumamosi.

Mwaka uliopita Ngome alianguka bafuni. Kiharusi. Alilazwa, akarudi nyumbani na mkono wa kulia uliokuwa ukikawia kumtii na maneno yaliyotoka taratibu, moja moja. Daktari alimwambia mwili utapona kwa mazoezi na akili vilevile: asome, apige hesabu, acheze mchezo wake. Basi wakapanga kwamba kila Jumapili, baada ya chakula cha mchana, Ngome atakuja kucheza nyumbani kwa dada yake.

Jumapili ya kwanza mke wa Fundi alimvuta mumewe jikoni, akafunga mlango kwa mgongo.

"Baba watoto, nakuomba. Usimshinde kaka yangu."

"Nitaachaje kumshinda? Yule ananijua. Nikicheza ovyo ataona."

"Sijui utafanyaje. Umemwona macho yake? Yamezimika. Mwache apate nguvu kwanza." Akafuta machozi kwa kiganja chenye sabuni, yakawa mengi zaidi. "Wewe si fundi? Tumia ufundi wako."

Fundi alikuwa akimpenda mkewe, na shemeji yake pia alimpenda. Akaenda sebuleni, akakaa, akaanza kucheza, huku akiwaza. Ngome alikuwa akisoma mchezo wa mtu kama wengine wanavyosoma gazeti. Hatua ya kijinga angeibaini hapohapo. Lakini kuteleza kwa mkono si ujinga, kunaweza kumpata yeyote. Fundi akapeleka mkono kumchukua farasi, na njiani kidole kimoja kikamgusa malkia kichwani.

"Lo!" akasema Fundi.

Kile kidole cha Ngome, ambacho tangu hospitali kilikuwa kimelala pajani, kikainuka chenyewe. "Ukigusa, shemeji... umecheza." Na macho yake yakawaka.

Mke akauliza kutoka jikoni, "Nani kashinda?"

"Kaka yako!" Fundi akajibu kwa sauti ya kumfikia jirani. Jikoni masufuria yakaanza kugongana kwa furaha, na Fundi akajiona mtu mwema.

Ilikuwa iwe mara moja tu. Lakini Jumapili iliyofuata Ngome alikuja amenyoa ndevu, na iliyofuata akaja bila fimbo, na ni nani angekuwa na roho ya kumkatiza? Fundi akawa bingwa wa kukosea. Leo kidole, kesho kifundo, keshokutwa anaangusha kete akiinua kikombe. Kila mara, "Lo!" Kila mara kile kidole. Watoto walimpigia mjomba wao makofi. Na Fundi, kila akisema "Kaka yako!", alizidi kujionea haya, maana alijua anamvika mtu mzima kilemba cha ukoka, na mwenyewe alikuwa amekivaa kwa fahari.

Kibandani nako mambo yakaanza kumgeuka. Siku moja skrubu ilimponyoka kwenye kibano, ikaanguka sakafuni. Alipiga magoti, akaitafuta kwa tochi, akaipata, akaketi akiitazama mikono yake. Mambo hayo hayakuwa yamemtokea tangu alipokuwa mwanafunzi wa kazi. Akajiambia ni uchovu.

Sasa tuje kwenye Jumamosi yenyewe.

Siku hiyo soga zilinoga kuliko mchezo. Klabu ya hospitali, wapinzani wao wa miaka mingi, ilikuwa inakuja wiki ijayo, na watu wanapongojea pambano kubwa hawawezi kucheza, wanataka kusimulia. Kinyozi ndiye aliyeanza. Kazi yake ni kunyoa na kusema, na kunyoa alikuwa amemaliza.

"Semeni mtakavyo. Mchezaji mkubwa kuliko wote waliokalia benchi hili alikuwa Mkunga."

Mwalimu wa hesabu, ambaye ndiye nahodha wa klabu, akaguna. "Mkunga alijua kushambulia tu. Kujilinda hapana."

"Ajilinde na nani? Watu walikuwa wanamwogopa! Nyinyi hamkumwona. Katikati ya mchezo anaitwa, kuna mama ana uchungu. Anachukua mkoba wake, anakwambia, 'Usiguse kitu, narudi.' Anakwenda, anazalisha, asubuhi huyo, hajalala hata lepe. Hakai chini. Anasimama hapo mlangoni, anasogeza farasi mmoja, anasema, 'Cheki. Na mtoto ni wa kike.' Anakwenda zake kulala. Baba yangu aliutazama ule ubao mpaka mchana ndipo akaelewa kwamba amekwisha."

"Mwaka jana ulisema walikuwa mapacha," Mwalimu akasema.

"Mapacha ni mchezo mwingine!"

Wakavunjika mbavu. Ngome naye alicheka, kicheko chake kipya cha upande mmoja. Kisha akainua kidole, na wote wakanyamaza kumpa nafasi ya kuyapanga maneno.

"Mkubwa wao... ni Mkuu wa Stesheni. Yule hakuwa na ubao. Ubao ulikuwa kichwani. Alikuwa anacheza na mwenzake wa stesheni ya pili... kwa simu ya reli."

"Nilisikia habari zake," Fundi akasema.

"Siku moja treni ya mizigo imesimama nje, inapiga honi, dereva anaomba njia. Yeye ameshika simu anamwambia mwenzake, 'Subiri, nina treni hapa. Lakini usidhani... sijamwona askofu wako.'"

Kinyozi alipiga meza kwa furaha mpaka kete zikaruka, na kila mtu akampigia kelele kwa pamoja, "Umecheza!" Ikawa zogo la kurudisha kila kete nyumbani kwake, naweka sawa, naweka sawa, naweka sawa, mpaka Mwalimu akaomba huruma.

"Lakini mimi," Mwalimu akasema walipotulia, "mchezo nisioweza kuusahau ni ule wa mvua. Bati limetoboka pale juu, matone yanaangukia mezani, na bingwa wa mji mzima amekaa hapo na tai yake. Tone linampiga mfalme wake kichwani, anataka kumfuta, na nani yuko mbele yake? Huyu Ngome! 'Kumfuta ni kumgusa, bwana mkubwa.' Ikabidi bingwa aseme 'naweka sawa' kila linapoanguka tone. Mwishowe alichanganyikiwa, akasema 'naweka sawa' alipokuwa anakunywa chai."

"Na tukatoka sare," Ngome akasema.

"Sare na bingwa ni ushindi!"

"Hapana. Sare... ni sare." Ngome akajiweka vizuri kwenye benchi. Hata ukimsifu alikuwa akikusahihisha. "Na hayo ni ya kale. Niwaambie mchezo wangu mkubwa. Nilicheza Jumapili iliyopita."

Fundi aliinama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Ngome akapanga kete kwa mkono wake wa kulia, polepole, bila kuangusha hata moja. "Nilikuwa hapa. Huyu shemeji yangu hapa. Farasi wake analinda mlango. Nikambana, nikambana... Mkono ukamtetemeka, akamgusa farasi. Farasi akatoka. Hapo nikamtoa malkia wangu. Bure! Akala. Hana njia, lazima ale. Kisha ngome... ikashuka." Akaiteremsha. "Mfalme amekufa. Nimecheza maisha yangu yote, sijawahi kumtoa malkia namna ile. Kwa raha niliyokuwa nayo, usiku sikulala. Nilimwamsha mke wangu nimwonyeshe."

Ulikuwa mchezo mzuri kweli, hilo ndilo lililokuwa likiuma. Fundi ndiye aliyeuona kwanza. Aliiona ile njia kutoka upande wake wa meza, akamwondoa farasi mlangoni kwa kidole chake mwenyewe, akaketi akiomba shemeji naye aione.

"Fundi akagusa vibaya?" Kinyozi akauliza. "Huyu Fundi wetu?"

"Nilimbana. Hata wewe ungetetemeka."

Mwalimu hakucheka. Alikuwa akiutazama ubao, kisha Fundi, kisha ubao.

"Mwalimu," Ngome akasema, na sauti yake ikawa ya mtu aliyejiandaa tangu nyumbani. "Wiki ijayo nipe meza ya kwanza."

Meza ya kwanza ni pale unapokaa na mchezaji bora wa upande wa pili, watu wote wamesimama mgongoni mwako. Ilikuwa yake mpaka alipougua, na tangu hapo ikawa ya Fundi. Mwalimu akakuna kidevu.

"Kaka, tangu utoke hospitali hapa unatazama tu, hujacheza na yeyote. Anayecheza na wewe kila wiki ni Fundi." Akamgeukia. "Fundi, wewe ni mtu wa kweli. Tuambie. Ngome amerudi?"

Hapo ndipo ulipokuwa mtihani, na hakuna aliyeujua isipokuwa mtahiniwa. Akisema hapana, atakuwa amemvua nguo shemeji yake mbele ya watu, na ile Jumapili ya malkia ataizika hapohapo juu ya meza. Akisema ndiyo, atakuwa amempeleka machinjioni amempamba. Kulikuwa na jibu la tatu, lile la kweli: kwamba yeye mwenyewe hajui. Hakuwahi kumwacha acheze mchezo hata mmoja mpaka mwisho bila kumsaidia, angejuaje amebakiwa na nini?

Ngome alikuwa akimtazama bila wasiwasi wowote, jinsi unavyomtazama mtu ambaye unajua atasema nini.

"Amerudi," Fundi akasema. "Mimi simwezi."

Usiku ule mkewe alimwuliza kwa nini halali. Akamwambia ni kahawa, ingawa kahawa hakuwa ameinywa.

Klabu ya hospitali ilikuja Jumamosi na watu wao, na kwenye meza ya kwanza wakamweka mfamasia, dada mmoja kijana mwenye miwani, mpole, aliyesalimia kila mtu shikamoo mpaka kioo kilichopasuka nusura akisalimie. Ngome alikuwa amevaa suti. Mkewe alikuwa ameipiga pasi, na dada yake alikuwa amemletea leso mpya. Fundi hakupewa meza. Akasimama nyuma ya shemeji yake pamoja na watazamaji, mikono ameificha mifukoni.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Ngome alijenga ukuta wake wa zamani, askari mbele, ngome nyuma, na watu wakanong'onezana, mzee yupo. Mfamasia alikuwa akicheza kwa ncha za vidole, kete inanyanyuka na kutua kimya. Kisha ikafika mahali ambapo Ngome alitakiwa aamue, ashambulie au ajifunge. Hakufanya lolote kati ya hayo. Akasogeza askari mmoja wa pembeni, hatua isiyo na maana, akakaa akiutazama mkono wa yule dada.

Akasogeza mwingine. Akautazama tena mkono.

Fundi ndiye peke yake aliyeelewa. Shemeji yake hakuwa akicheza, alikuwa anangoja. Kile kidole kilikuwa kimeshajiandaa, kimenyooka kidogo ukingoni mwa meza, kinasubiri "Lo!" Na yule dada hakusema "Lo!" Mkono wake ulikwenda ulikokuwa unakwenda, ukarudi. Akala askari, akala farasi, akaufungua ukuta taratibu kama mtu anayefungua kifurushi. Mfalme wa Ngome alikufa katikati ya ubao huku ngome zake mbili zikiwa bado pembeni, hazijatoka.

"Ahsante, mzee wangu. Nimejifunza mengi," mfamasia akasema, akampa mkono kwa heshima zote.

Hilo la heshima ndilo lililoonekana kumwumiza zaidi. Watu wakageukia meza ya pili haraka, wakijitia hamnazo. Kinyozi akashika ufagio, akaanza kufagia sakafu isiyokuwa na nywele. Mwalimu alimtazama Fundi mara moja tu, na Fundi akatamani ardhi ipasuke.

Walirudi pamoja kwa miguu, maana nyumba zao zilikuwa upande mmoja. Walipofika kwenye ukuta mfupi wa shule Ngome akakaa kupumzika, suti na yote, akaanza kusema akitazama barabara.

"Yule binti... hakugusa kete hata moja vibaya."

Fundi akabaki amesimama mbele yake, mikono mifukoni.

"Nilikuwa namngojea akosee. Kila hatua nasema, sasa. Sasa. Nikasahau kwamba inabidi... nicheze." Akatoa leso mpya, akafuta paji la uso, akaikunja tena kwa mikunjo yake ya pasi. "Kisha nikajiuliza. Nimeizoea wapi tabia hii?"

"Shemeji..."

"Umekaa na saa miaka yote hiyo. Mkono wako hautetemeki hata daktari anapong'oa jino juu ya kichwa chako. Utetemeke kwa ajili yangu?"

Fundi alikuwa na la kujitetea. Dada yako ndiye aliyeniomba. Maneno yalifika kwenye meno, akayameza, na hilo tu ndilo jambo la kiungwana alilofanya katika kisa hiki chote. "Nilikuonea huruma," akasema.

"Huruma." Ngome alilisema neno hilo kana kwamba ni dawa anayoijaribu kwa mara ya kwanza. "Daktari alisema akili ifanye kazi. Mimi nilidhani inafanya kazi. Kumbe ilikuwa inapewa."

Hakukuwa na hasira katika sauti yake. Fundi angeshukuru kama angetukanwa. Alisimama pale mbele ya mgonjwa wa familia, mtu mzima, mnene, na akalia hadharani bila kujifuta. Aliona miezi yote ile ya Jumapili ambayo shemeji yake angeshindwa, akakasirika, akafikiri, akashindwa kidogo, akafikiri zaidi. Alikuwa amemnyang'anya yote hayo, huku akijipigia makofi.

"Kesho nakuja," Ngome akasema, akanyanyuka kwa kushikilia ukuta. "Utanishinda. Umesikia? Utanishinda vibaya."

"Nitakushinda, shemeji."

"Na usilie mezani. Utalowesha kete."

Mke aliambiwa yote usiku huo. Alikaa kitandani akitazama mikono yake mwenyewe, akasema, "Ni mimi," na Fundi akasema, "Ni sisi," na hakuna aliyepata nafuu.

Jumapili Ngome alikuja mapema, bila suti. Chakula hakukimaliza. Wakakaa, wakapanga kete, wakaanza, na tangu hatua za mwanzo Fundi akaona kitu ambacho karibu kimfanye acheke kwa furaha: shemeji yake alikuwa na hasira, na hasira ilikuwa ikicheza vizuri. Hakungoja. Alisukuma askari wake, akaleta farasi, akafungua mstari kwa ajili ya ngome zake. Alikosea hapa na pale, Fundi akamwadhibu bila huruma, akala askari, akala tena. Ngome alikuwa akiuma mdomo, anafikiri, anarudi. Kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa walikuwa wanacheza. Chai ilipoa pembeni. Fundi alisahau huruma, akasahau hata dhambi yake, akabaki na ule ubao tu.

Kisha akaiona njia. Ile ngome yake ya kushoto ikishuka mpaka chini, mchezo umekwisha, na safari hii ushindi wake utakuwa wa haki, na shemeji atakuwa ameshindwa kwa haki, na kesho yake wataanza upya kama watu. Akapeleka mkono.

Kidole kikamgusa malkia.

Kilimgusa kichwani, palepale pa siku zote. Fundi hakukituma. Kilikwenda chenyewe, kwa njia ambayo alikuwa amekizoesha kila Jumapili, jinsi punda anavyokata kona ya nyumbani bila kuelekezwa. Malkia ndiye aliyekuwa akilinda mstari wa nyuma. Akiondoka, ngome ya shemeji inashuka na mfalme hana pa kukimbilia. Fundi akakodolea macho mkono wake.

"Lo!" ikamtoka.

Ilikuwa ni ile "Lo!" ileile. Hakuwa na nyingine.

"Shemeji, hii kweli!" akasema upesi. "Nakuapia. Hii nimekosea kweli. Nilikuwa naifuata ngome, ngome hii hapa, tazama, nilikuwa nakushinda! Wallahi sikukusudia!"

Ngome aliutazama ubao kwa muda mrefu. Aliiona njia aliyokuwa anaifuata Fundi, na akaiona ile iliyofunguka kwa ajili yake. Kidole chake kilikuwa juu ya paja. Hakikuinuka.

"Inawezekana," akasema.

"Haki ya Mungu!"

"Inawezekana, shemeji. Lakini mimi nitajuaje?"

Kila neno la kuthibitisha Fundi alikuwa ameshalitumia. Akasubiri aambiwe, ukigusa umecheza. Safari hii alilitaka. Angemsogeza malkia kwa furaha, angekufa kifo halali, angesema ahsante.

Badala yake Ngome akanyoosha mkono wake wa kulia, ule mgonjwa, akamshika mfalme wake mwenyewe, akamlaza chini taratibu juu ya ubao. Ndivyo anavyofanya mtu anayekubali kwamba ameshindwa.

"Unafanya nini?" Fundi akanong'ona. "Umeshinda! Tazama, umeshinda!"

"Leo zamu yangu," Ngome akasema.

Jikoni maji yalifungwa. Kisha ikaja sauti ya mke, ndogo, ya mtu anayeogopa jibu.

"Nani kashinda?"

Ngome akageuza kichwa kuelekea mlangoni, akaita kwa sauti ya kumfikia jirani. "Mumeo!"

"Hongera, baba watoto," mke akasema kutoka jikoni.